Yoshimura: Fundi aliyeunganisha mabomba manne ya moshi yakawa moja

MWANZONI mwa miaka ya 1970, mtu aliyemiliki pikipiki kubwa ya silinda nne alijivunia kitu kimoja kuliko vingine vyote: mabomba manne ya moshi yaliyong'aa kama fedha, mawili upande wa kulia na mawili upande wa kushoto, kila silinda na lake.

Mabomba hayo yalikuwa pambo na alama ya ukwasi. Hata hivyo, kwa fundi mmoja kutoka Japani, pambo hilo lilikuwa mzigo ambao injini ilibebeshwa bila sababu.

Fundi huyo alikuwa Hideo Yoshimura, ambaye katika ulimwengu wa mbio za pikipiki alijulikana zaidi kwa lakabu ya Pops, yaani Mzee au Baba. Aliaga dunia mwaka wa 1995 akiwa na umri wa miaka 72.

Miongo kadhaa baada ya kifo chake, kila mwenye pikipiki anayetaka kung'oa ekzosi ya kiwandani na kuweka nyingine angali anakabiliwa na maswali ambayo marehemu alitumia maisha yake kuyajibu: Bomba liwe refu kiasi gani? Liwe pana kiasi gani? Je, mlio mkubwa ni ishara ya nguvu, au ni kelele tu?

Ndoto iliyozimika

Yoshimura alizaliwa Oktoba 1922 katika mji wa Fukuoka, kisiwani Kyushu, kusini mwa Japani. Tangu utotoni alitamani kuwa rubani, na angali kijana mdogo alijiunga na mafunzo ya urubani katika jeshi la majini.

Hata hivyo, ajali mazoezini ilimjeruhi na kumfungia mlango wa urubani. Badala ya kukaa mbele na kushika usukani, alipewa kazi ya ufundi wa injini za ndege.

Kwa kijana aliyeota kupaa angani, hilo lilikuwa pigo kubwa. Lakini kila lenye mwanzo mgumu huweza kuwa na mwisho mwema, kwani ni katika kazi hiyo ndipo alipojifunza kuisoma injini kwa masikio na kwa vidole. Injini ya ndege haina msamaha. Ikizimika angani hakuna mahali pa kuegesha, na fundi anayebahatisha huua watu.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka wa 1945, Japani ilikuwa magofu na maelfu ya mafundi wa ndege hawakuwa na ndege za kutengeneza. Yoshimura alirudi kwao Fukuoka, na mnamo 1954 akafungua karakana ya pikipiki iliyoitwa Yoshimura Motors.

Askari wampa jina

Karibu na mji huo palikuwa na kambi ya jeshi la anga la Marekani iliyoitwa Itazuke. Askari vijana wa kambi hiyo walipenda pikipiki na walipenda kushindana. Baada ya muda mfupi, habari zilienea miongoni mwao kwamba mjini kulikuwa na Mjapani ambaye pikipiki ikitoka mikononi mwake haishikiki.

Wakawa wanamletea vyombo vyao kwa wingi. Ni wao waliombandika jina la Pops, ingawa wakati huo alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu tu. Jina hilo la heshima likamganda hadi kaburini.

Katika karakana hiyo hapakuwa na kompyuta wala vyombo vya kisasa vya kupimia. Kemshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga vali za injini, aliichonga kwa mkono kwa kutumia tupa. Alipunguza hapa, akaongeza pale kwa kuchomelea, akajaribu, kisha akaanza upya. Wenzake walishangaa namna mkono wa binadamu ulivyoweza kufikia vipimo ambavyo viwanda vilihitaji mashine kuvipata.

Sifa zake zilivuka mipaka ya Fukuoka mwaka wa 1964. Katika mashindano ya saa 18 yaliyofanyika Suzuka, pikipiki aina ya Honda CB77 iliyotayarishwa na karakana yake iliibuka mshindi. Uwanja wa Suzuka ulikuwa umejengwa na kampuni ya Honda yenyewe na kufunguliwa mwaka wa 1962. Mwaka uliofuata ushindi huo, Yoshimura alihamishia shughuli zake viungani mwa Tokyo, karibu na kambi nyingine ya Wamarekani huko Yokota.

Mabomba manne yakutana

Mwaka wa 1969, Honda ilitoa pikipiki iliyobadilisha biashara hiyo kote duniani. Iliitwa CB750. Ilikuwa na silinda nne zilizopangwa sambamba, ujazo wa cc 736, nguvu za farasi 67, na yale mabomba manne ya moshi.

Wanunuzi waliyapenda mabomba hayo, lakini Yoshimura aliyatazama kwa jicho la fundi wa ndege na kuona kasoro tatu.

Kwanza, yalikuwa mazito. Pili, yalikuwa mapana kiasi kwamba pikipiki ilipolazwa kwenye kona yalikwaruza lami. Tatu, na hili ndilo lililokuwa kubwa zaidi, kila silinda ilipumua peke yake bila kupata msaada wowote kutoka kwa wenzake.

Ili kuelewa hoja hiyo ya tatu, yafaa kujua kinachotendeka ndani ya ekzosi. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya moto hutoka kwa kishindo na kutuma wimbi la shinikizo ndani ya bomba. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake hurudi nyuma kuelekea kwenye injini, lakini safari hii hurudi kama wimbi la kuvuta wala si la kusukuma.

Likirudi wakati ufaao, yaani katika nukta ile fupi ambapo vali ya kuingizia na ya kutolea zote zimefunguka kidogo, huvuta mabaki ya moshi nje na kusaidia hewa na petroli mpya kuingia. Silinda hujaa vizuri zaidi, na silinda iliyojaa vizuri ndiyo iletayo nguvu. Wimbi likirudi wakati usiofaa, huwa kikwazo.

Katika injini ya silinda nne kama ile ya CB750, silinda hazitoi moshi kwa pamoja. Hupokezana kwa zamu, kila nusu ya mzunguko wa injini. Mabomba yakiunganishwa mahali pamoja, gesi inayotoka silinda moja kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo humsaidia anayefuata. Ni kama wapiga makasia wanne katika ngalawa moja, ambapo kila anayevuta humrahisishia mwenzake.

Wazo la kuunganisha mabomba lilikuwa tayari linajulikana katika magari ya mashindano. Alichofanya Yoshimura ni kulileta kwenye pikipiki ya silinda nne na kulifanya lifanye kazi. Mnamo Oktoba 1971, katika uwanja wa Ontario jimboni California, Marekani, pikipiki ya Honda CB750 yenye injini yake iliingia mashindanoni ikiwa na mabomba manne yaliyotoka mbele ya injini, yakapinda chini yake, yakakutana na kuwa bomba moja lililotokea upande mmoja.

Waliozoea mabomba manne waliona kitu kigeni. Lakini pikipiki ilikuwa nyepesi zaidi, ililala kwenye kona bila kukwaruza, na sauti yake haikufanana na ya nyingine yoyote. Katika muda wa miaka michache, mtindo huo ulikuwa umeenea katika karakana za Marekani, Ulaya na Japani.

Kuchagua si kubahatisha

Kuenea huko kulileta tatizo. Mabomba ya kila namna yalijaa madukani, na wengi waliyanunua kwa sababu ya sura na mlio. Kazi ya Yoshimura ilionyesha kwamba mambo hayo mawili ndiyo ya mwisho kuzingatiwa.

La kwanza lilikuwa ni kujua nguvu inatakiwa wapi. Mabomba marefu na membamba huisaidia injini inapozunguka polepole, hivyo humfaa anayebeba mizigo au kuendesha mjini. Mabomba mafupi na mapana huleta nguvu injini inapozunguka kwa kasi sana, na hayo ni ya uwanjani. Anayefunga mabomba ya uwanjani kwenye pikipiki ya kwenda kazini hujikuta na chombo kinachonguruma sana lakini kinakohoa kila kinapoondoka kwenye taa za barabarani.

La pili ni usawa. Silinda mbili za katikati zimekaribiana na mahali pa kukutania kuliko zile za pembeni, kwa hivyo fundi mvivu huyaacha mabomba yao yakiwa mafupi. Fundi makini huyazungusha mabomba hayo ili yote manne yalingane kwa urefu, mawimbi yapate kufika kwa zamu yake. Huo ndio uliokuwa ugumu wa kazi yenyewe.

Njia ya mikono ya kukunja bomba bila kulibonyeza ilikuwa kulijaza mchanga mkavu, kuziba ncha zake, kulipasha moto hadi liwe jekundu, kisha kulipinda taratibu. Mchanga ulizuia kuta za bomba zisibonyee, na njia ya gesi ikabaki na upana ule ule.

La tatu ni petroli. Ekzosi inayopumua vizuri huifanya injini ivute hewa nyingi zaidi. Kabureta ikiachwa jinsi ilivyotoka kiwandani, mchanganyiko huwa na hewa nyingi kuliko petroli, injini hupata joto kupita kiasi na hata pistoni huweza kutoboka. Kwa hivyo anayenunua mabomba hununua pia kazi ya kurekebisha kabureta, apende asipende.

La nne ni mambo madogo ambayo mnunuzi huyasahau. Kichujio cha oili cha CB750 kiko mbele ya injini, nyuma ya mabomba ya moshi. Baadhi ya mabomba yaliyobuniwa bila uangalifu yalikizuia kichujio hicho, na mwenye pikipiki akalazimika kufungua ekzosi nzima kila alipotaka kubadilisha oili.

Lililojumlisha yote ni kwamba bomba halisimami peke yake. Kemshafti, vali, kabureta na ekzosi ni jamaa wa nyumba moja, na ukimbadilisha mmoja huna budi kuzungumza na wote.

Hasara ya ugenini

Sifa za California hazikumpa Yoshimura raha. Fundi wa nje anayetengeneza vyombo vya kampuni kubwa huishi kwa hisani. Siku kiwanda kikiamua kushughulikia mashindano chenyewe, yeye hubaki na spana mkononi. Naye alijikuta akihama kutoka kwa chapa moja hadi nyingine.

Baada ya Honda alizigeukia pikipiki za Kawasaki aina ya Z1, zilizokuwa na cc 903. Mnamo Machi 1973, katika uwanja wa Daytona jimboni Florida, Mkanada Yvon Duhamel aliendesha Z1 iliyotayarishwa na Yoshimura na kuweka rekodi ya mzunguko mmoja kwa kasi ya takriban kilomita 258 kwa saa.

Wakati huo alikuwa amefungua biashara Marekani kwa ubia. Hakukijua Kiingereza vizuri, naye alikuwa mtu wa injini wala si wa karatasi. Ubia huo ulivunjika vibaya na biashara ikamponyoka. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa ikisifiwa katika kila uwanja alijikuta hana chochote ugenini.

Wengi wangefunga virago. Yoshimura na familia yake walianza upya katika eneo lilo hilo la kusini mwa California, na baadaye mwanawe Fujio akashika usukani wa shughuli za huko. Binti yake Namiko aliolewa na Mamoru Moriwaki, aliyekuwa mwanafunzi wa Mzee katika karakana na ambaye baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kutayarisha pikipiki za mashindano.

Mnamo 1976, chama cha mbio za pikipiki cha Marekani kilianzisha rasmi mashindano ya superbike, yaani pikipiki za kawaida za dukani zilizoboreshwa. Huo ulikuwa uwanja wa watu kama Yoshimura. Suzuki nayo ilikuwa imetoa pikipiki zake za kwanza kubwa za silinda nne za aina hiyo, na ilimhitaji mtu wa kuzipa jina.

Septemba 1977, Steve McLaughlin alishinda katika uwanja wa Laguna Seca akiendesha Suzuki GS750 ya Yoshimura. Kisha pikipiki za Yoshimura zikashinda mbio za superbike za Daytona mara nne mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1981. Mwaka wa 1979 zilichukua nafasi zote tatu za kwanza. Wes Cooley alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka wa 1979 na tena 1980.

Katikati ya mafanikio hayo, kulizuka moto katika karakana yake nchini Japani, na Mzee akapata majeraha mabaya ya kuungua. Kwa mtu ambaye utajiri wake wote ulikuwa mikononi, mtihani huo ulizidi hata ule wa kupoteza biashara. Lakini alirudi kazini.

Siku ya Suzuka

Julai 30, 1978, uwanja wa Suzuka uliandaa mashindano ya saa nane kwa mara ya kwanza. Honda ilifika na pikipiki zake za RCB, ambazo zilikuwa zimetawala mashindano ya masafa marefu barani Ulaya katika miaka miwili iliyotangulia. Zilikuwa pikipiki zilizobuniwa kwa ajili ya mashindano tu, na kiwanda kizima kilisimama nyuma yake. Uwanja wenyewe ulikuwa wao.

Yoshimura alifika na Suzuki GS1000, pikipiki ambayo asili yake ilikuwa chombo cha kuuzwa dukani. Madereva wake walikuwa Wamarekani wawili, Wes Cooley na Mike Baldwin.

Saa nane katika joto la kiangazi cha Japani si mchezo. Injini iliyobanwa kupita kiasi hufa njiani, na iliyolegezwa huachwa nyuma. Hapo ndipo masikio ya fundi wa ndege yalipohitajika, kwani alijua ni kiasi gani cha nguvu kinachoweza kuchukuliwa bila kuiua injini.

Bendera iliposhushwa, GS1000 ya Yoshimura ndiyo iliyokuwa mbele. Karakana ya familia ilikuwa imekishinda kiwanda kikubwa zaidi cha pikipiki duniani, katika uwanja wa kiwanda hicho hicho. Miaka miwili baadaye, Cooley akishirikiana na Graeme Crosby wa New Zealand, timu hiyo ilitwaa tena ushindi huo.

Tangu siku hiyo, mashindano ya saa nane ya Suzuka yamekuwa miongoni mwa yale yanayotamaniwa zaidi na viwanda vya Japani. Mizizi ya hadhi hiyo imo katika aibu ambayo kampuni kubwa ilipata mwaka ule wa kwanza.

Aliyoyaacha

Katika miaka ya 1980 Yoshimura aliendelea kuibua vipaji na mitindo mipya ya ekzosi. Kevin Schwantz, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1993, alipata umaarufu akiendesha pikipiki za timu hiyo, na mwaka wa 1988 aliipatia ushindi wa Daytona 200.

Machi 29, 1995, Mzee alifariki dunia baada ya kuugua saratani. Mwaka wa 2000, Wamarekani walimwingiza katika orodha yao ya watu mashuhuri wa pikipiki, heshima ambayo wageni wachache waliipata. Timu yenye jina lake ilishinda tena saa nane za Suzuka mwaka wa 2007 na 2009, na mwaka wa 2021 ikishirikiana na Wafaransa ilitwaa ubingwa wa dunia wa masafa marefu.

Kampuni zenye jina hilo huko Japani na Marekani bado zinatengeneza ekzosi. Siku hizi mabomba hupimwa kwa kompyuta, na badala ya kabureta kuna mitambo ya elektroniki inayonyunyiza petroli kwa kipimo. Lakini sheria za mawimbi ndani ya bomba hazijabadilika hata kidogo, na mnunuzi anayechagua kwa sikio la majirani badala ya mahitaji ya injini yake bado hupoteza fedha.

Yoshimura hakuzikomesha kampuni kubwa, na mara nyingi maisha yake yalitegemea uamuzi wao. Alichothibitisha ni kwamba ukubwa wa kiwanda hauwezi kuchukua nafasi ya fundi anayejua kwa nini kila sehemu ya injini iko pale ilipo. Ndiyo maana mabomba manne yaliyokuwa fahari ya matajiri yakaishia kuwa kumbukumbu, na lile moja aliloliunganisha yeye likawa kipimo cha wote waliomfuata.